Sindano ya Pili

Mwaka wa 1966, watu kumi na mmoja walishambuliwa alfajiri kwenye mashamba yao ya bara, wengine kwa risasi, wengine kwa visu. Walipofikishwa kwa mashua kwenye zahanati ndogo ya kisiwani Pate, saa nne asubuhi, mganga alikuwa amekwenda Amu, kisiwa cha jirani. Waliokuwapo ni nesi Nyaguthii, binti wa Nyeri aliyekuwa na miezi mitano tu pwani, na msaidizi wake Bi Hindu, mama mtu mzima wa Amu.

Nyaguthii alikuwa mwepesi wa kazi, na hakupenda mwendo wa Bi Hindu. Mama huyu kila akimaliza mgonjwa alinawa mikono, akasimama kimya, akavuta pumzi mara tatu, ndipo akamwendea mwingine. Nyaguthii alikwisha kumkemea kwamba foleni haingoji. Bi Hindu alimjibu kwa upole kuwa mikono hutangulia na akili hufuata nyuma, kwa hiyo sharti ingojwe.

Siku hiyo hapakuwa na kungojana. Sakafu iliteleza kwa damu. Nyaguthii alifunga paja lililopasuliwa, akang'oa kipande cha risasi begani mwa mzee, akamfumba macho mwanamke aliyekata roho akishikwa mkono. Katikati ya chumba alilala Wazir, kijana wa miaka ishirini, kiganja chake kimesagwa na risasi. Mayowe yake yaliwatia wote kiwewe. Kaka yake Jeilani alisimama kichwani pake na panga ambalo hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke chini.

Jeilani alitaka nduguye adungwe dawa ya maumivu. Nyaguthii akavuta mofini kwenye sindano, akamwinamia Wazir. Hapo Bi Hindu akamkamata mkono.

"Keti kitako kwanda, Bi Nesi," alisema. "Mikono yako yatetema."

Nyaguthii alitaka kumsukuma. Lakini aliitazama sindano, akaiona inacheza kama unyasi. Akakaa juu ya sanduku la bandeji, akafumba macho.

"Ndugu yangu afa," Jeilani alisema, "nawe waketi?"

Nyaguthii akavuta pumzi ya kwanza. Jeilani akampiga kwa ubapa wa panga, taya likalia, naye akaanguka ubavu. Mdomo ulijaa damu na kipande cha jino. Jeilani aliinua panga tena, safari hii makali yakiwa mbele. Bi Hindu aliinyakua sufuria ya kuchemshia mikasi akammwagia maji yote ya moto miguuni. Panga likaanguka, na Jeilani akaanguka juu ya panga hilo, akijipinda.

Nyaguthii alibaki sakafuni, na pale pale, kwa kuwa hakuweza kuinuka, akavuta pumzi ya pili, na ya tatu. Kichwa kikatulia. Akakumbuka: alikuwa amekwisha kumdunga Wazir mofini. Alimdunga mara tu aliposhushwa kutoka mashuani, kabla ya yule mwanamke kufa. Dawa haikuwa imepata muda wa kushika. Sindano ya pili ingemzima pumzi.

Kutoka pale chini aliona jambo jingine. Chini ya benchi la ukutani damu ilikuwa ikidondoka tone kwa tone. Juu yake alikaa Mselem, mvuvi mwenye shamba bara, aliyesema tangu mwanzo kwamba yeye hana neno, wahudumiwe wenzake. Kikoi chake cheusi kilikuwa kimelowa hadi magotini. Nyaguthii alitambaa hadi pale, akakandamiza jeraha la kinena chake kwa ngumi zote mbili, mpaka Bi Hindu alipoleta kitambaa cha kufungia.

Kabla ya adhuhuri Wazir alikwisha nyamaza, amelala, anapumua vizuri. Walikufa wawili siku ile, na Mselem hakuwa mmoja wao.

Kwa wiki nzima Nyaguthii alikunywa uji tu. Kila asubuhi alimfunga Jeilani miguu iliyobabuka. Siku ya nne Jeilani aliuliza, bila kumtazama, ingekuwaje kama angemdunga nduguye palepale.

"Angelala," Nyaguthii alisema, "asiamke."

Jeilani aligeukia ukuta. Mabega yake yakaanza kutikisika, naye Nyaguthii akaendelea kuzungusha bandeji, polepole.