Albamu Yenye Waranti

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili watu wasije wakalitafuta kwa mdogo wangu. Vitabu vya risiti nilivinunua mimi. Muuza karatasi alikuwa navyo rundo zima kwenye kona, vimechapishwa kwa ajili ya mtu aliyetaka kufungua duka la pampu za maji kisha akaghairi, akaniambia nivichukue vyote kwa bei ya kimoja. Nikavitazama juu juu. Pana mahali pa jina, pana mahali pa tarehe. Nikaona risiti ni risiti tu.

Sisi tulikuwa tunauza albamu. Mdogo wangu ni mwimbaji, na alikuwa ametoka kwenye lebo ya muziki akiapa kwamba kuanzia siku ile atamuuzia msikilizaji mkono kwa mkono, asiwepo mtu wa kati. Duka likawa sebule yangu, ambayo pia ndiyo chumba changu cha cherehani. Nyimbo tisa ndani ya flashi moja, na flashi ndani ya kifuko nilichokishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja.

Hiyo lebo lazima niieleze, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Bosi wa lebo alimtazama mdogo wangu, akaona kijana mwenye afya, mwenye mama, mwenye dada, akasema mtu wa namna hiyo hauziki. Akabandika mabango mji mzima: SAUTI YA YATIMA. Mama alikuwa anakwenda kuninunulia vifungo. Akasimama mbele ya bango, akalisoma, akarudi nyumbani bila vifungo. Akamuuliza mwanawe neno moja tu, "Ulijua?" Mdogo wangu akajibu kwamba alijua.

"Basi sawa," mama akasema. "Maiti haongei."

Tangu siku ile hakumsemesha tena. Wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja, na mimi ndiye ninayebeba maneno ya huku kuyapeleka huku.

"Mwambie yatima wako chai inapoa," mama ananiambia, na yatima mwenyewe yuko hapo hapo, kijiko mkononi.

"Mwambie mama asante."

"Anasema asante, mama."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie akaribie."

Miaka miwili ya mambo hayo. Kichwa kiliniwanga mpaka nikawa nawatafsiria watu hata sokoni. Na mashabiki nao hawakukoma kuja kutoa pole. Wakimkuta mama anashona vifungo nyuma ya pazia la sebule, humuuliza yeye ni nani, naye hujibu kwamba ni mpangaji. Siku moja shabiki mmoja akamuuliza kama alimfahamu marehemu.

"Nilimfahamu vizuri sana," mama akasema. "Mtu mwema. Kwenye malezi ndiko alikoteleza."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote. Asubuhi ya siku tuliyoanza kuuza albamu, aliniambia waziwazi, "Dada, hii albamu nimeitengeneza ili mama anisemeshe. Wimbo wa kwanza nimeuita 'Mama Yupo'. Nikimaliza miezi sita hajanisemesha, nakwenda kwa mjomba kupima saruji, na kuimba basi." Flashi ya kwanza kabisa alikuwa amempelekea mama chumbani. Mama aliiviringisha ndani ya kifuko chake, akaipachika kwenye dirisha ili lisigonge upepo ukivuma.

Mimi niliogopa. Mjomba anaishi mbali na bohari lake halina hata redio. Nilijua mdogo wangu akienda huko atarudi mzee, na mimi nitabaki na mama anayejiita marehemu.

Sasa, zile risiti. Katikati yake palikuwa na mstari ulioandikwa KAZI YA BIDHAA, kisha vidoti. Mimi nafasi tupu kwenye karatasi inanikera, ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo kila mteja nilimuuliza, "Unainunua ya kazi gani?" Na watu, sijui ni kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi, walinijibu ukweli. Mlinzi wa benki akasema: kupata usingizi mchana. Kinyozi akasema: wateja wasibishane siasa kwenye kiti changu. Mke na mume waliokuja pamoja wakasema: kupatana. Mfuga kuku akasema: kuku watage. Nikayaandika yote kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia sahihi.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, palikuwa pameandikwa: *Bidhaa ikishindwa kufanya kazi iliyotajwa hapo juu ndani ya miezi sita, irudishwe na fundi ataitengeneza bure mpaka ifanye kazi.* Sikuyasoma. Wateja waliyasoma.

Wa kwanza kurudi alikuwa mlinzi. Aliweka flashi juu ya cherehani yangu, macho mekundu. "Dada, samahani. Silali."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Akaninyooshea risiti, kidole chini kabisa. Ndipo nikayasoma yale maandishi. Nikamwita mdogo wangu nikitegemea atamfukuza, lakini yeye aliisoma mara mbili, akauliza saa ngapi mlinzi anapanda kitandani. Saa nane mchana akaenda na gita lake kumtengenezea. Mlinzi alisinzia kwenye wimbo wa tatu, ila kila mdogo wangu akinyamaza, yeye anafumbua jicho moja. Aliimba mpaka saa kumi na moja jioni. Alirudi nyumbani amechoka hoi, na anacheka.

"Dada, kule lebo hakuna aliyewahi kuniambia wimbo wangu umefika wapi. Huyu nimemwona ukimwingia."

Habari zikasambaa. Watu hawakuwa wamewahi kusikia mwanamuziki mwenye waranti. Kila asubuhi sebule ikawa na mtu anayelalamika. Kinyozi alisema wateja hawabishani tena siasa, sasa wanabishana kuhusu wimbo wa tano, na kelele ni zile zile. Mdogo wangu akaenda kuuimba katikati ya kinyozi na nywele, akabadilisha beti, ubishi ukahamia kwenye wimbo wa sita. Wale mke na mume walimkalisha katikati yao kwenye kochi siku tatu mfululizo. Wakapatana, wote wawili dhidi yake, kwa sababu alikuwa anamaliza sukari yao.

Bandani kwa mfuga kuku alizomewa kwanza. Si na kuku, na mfuga kuku mwenyewe.

"Fundi gani huyu kaja na shati la kumetameta? Hana hata ovaroli!"

Aliporudi na malalamiko hayo nikaona yana maana. Nilimshonea ovaroli ya buluu, mfukoni nikatarizi FUNDI. Tukamtafutia na sanduku la vifaa. Ndani tuliweka nyuzi za gita, na juu yake koleo na bisibisi ili watu waridhike. Alipoingia bandani safari ya pili, akafungua sanduku, akalitazama banda kwa makini, akagongagonga ukuta kwa bisibisi, ndipo akaimba. Kuku mmoja akataga. Mfuga kuku akatia sahihi kwamba kuku mmoja ameshatengemaa, bado kumi na tisa.

Mama aliyasikia yote. Nyuma ya pazia anashona vifungo, mimi mbele nakanyaga cherehani, na kila siku nategea sikio. Mdogo wangu aliposimulia habari ya yule kuku mmoja kutaga, nilisikia pazia likitikisika, na naapa mama alikuwa anacheka. Nilidhani mambo yameanza kulainika. Jioni hiyo nikamwambia, "Mama, umemsikia mwanao leo?"

"Mwanangu yupi? Mimi nina wewe tu," akasema, akakata uzi kwa meno. "Ila mwambie huyo fundi ovaroli yake imechanika kwapani."

Miezi ikaenda. Mdogo wangu alihesabu siku ukutani kwa chaki yangu ya kukatia vitambaa, na kila wiki sauti yake ilikuwa inapungua kidogo. Nilimwambia apumzike. Akasema imeandikwa mpaka ifanye kazi, na kwamba ameshawahi kunyamaza mara moja wakati hakutakiwa kunyamaza, hatarudia. Nilijua anasema nini. Nilimpa maji ya uvuguvugu na chumvi, nikaachana naye.

Wiki ya mwisho ndiyo maji yalizidi unga, maana karibu wote walikuwa wamenunua siku ile tuliyofungua. Watu wana tabia hiyo: waranti ikikaribia kuisha ndipo kila mtu anagundua kitu chake kibovu. Walijipanga kutoka mlangoni mpaka barabarani. Wengine albamu ilikuwa inawafaa kabisa, ila walisema ni afadhali ikaguliwe kabla muda haujapita. Mwanafunzi wa udereva alidai alinunua ya kufaulu mtihani na amefeli mara nne. Siku ya kwanza ya wiki hiyo mdogo wangu alitengeneza watu arobaini. Siku ya tano ilinibidi nimsogelee ili nimsikie anaomba chai. Mama hakupelekewa ujumbe huo. Nilimmiminia mwenyewe.

Siku ya mwisho aliamka, akavaa ovaroli, akafungua sanduku, akamkalisha mteja wa kwanza kwenye kiti changu, akapiga gita, akafungua mdomo. Ukatoka upepo. Akajaribu tena. Upepo.

"Hii nayo ni mbovu," mfuga kuku akasema. Alikuwa amekuja na kuku mmoja kwapani kama ushahidi.

"Sauti imekauka," nikasema. "Nendeni nyumbani."

"Waranti inaisha leo, dada! Tukienda ndiyo basi!"

"Aimbe hata taratibu!"

Wakaanza kusukumana kuingia. Mtu akakanyaga kitambaa cha suti ya mteja wangu, nikamtukana, sitaki kusema tusi gani. Mdogo wangu alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo, mishipa ya shingo imemtoka, na machozi yanamlengalenga. Mikono yake haikuacha gita. Kwa mara ya kwanza nikatamani aende tu huko kwa mjomba akapime saruji.

Palikuwa na muuguzi kwenye foleni, mtu mpole, alinunua albamu ya kumfariji kazini. Alisogea, akamshika mdogo wangu kidevu, akamtazama kooni, akatikisa kichwa.

"Maskini ya Mungu," akawaambia wenzake. "Angalieni koo lilivyovimba. Ndiyo yatima tena, hana wa kumkanya. Angekuwa na mama asingefika hapa."

Pazia likafunguka kwa nguvu mpaka pete mbili zikakatika. Mama akatoka, sindano mkononi, uzi unaning'inia.

"Nani hana mama?"

Watu wakatazamana. Mfuga kuku, aliyekuwa anamjua, akasema kwa upole, "Mpangaji, haya hayakuhusu."

"Mpangaji ni babu yako! Mimi ndiye marehemu."

Mwanafunzi wa udereva akarudi nyuma akamkanyaga mlinzi. Kuku akaponyoka, akaruka juu ya cherehani yangu. Hakuna aliyemfuata.

"Ndiyo, mimi," mama akaendelea. "Mlinililia wee, mkanywa na chai yangu. Huyu nimemzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili, na sikumzaa aje awaimbie kuku mpaka koo limkauke. Usingizi hamna? Lalani! Mitihani mnafeli? Someni! Mmenunua nyimbo, nyimbo mmepewa, mlitaka na roho yake?" Akanyoosha sindano mlangoni. "Tokeni nyumbani kwangu. Na wewe, beba kuku wako."

Walitoka. Muuguzi alikuwa wa mwisho, na mlangoni aligeuka akamwambia mama pole kwa msiba. Sidhani alijua alichokuwa anasema. Mama akamjibu asante.

Tukabaki watatu. Mama alimtazama mdogo wangu, nami nikajiandaa, kwa mazoea, kusikia "mwambie". Hakuniangalia. Alimsogelea yeye, akamfungua vifungo vya ovaroli kimoja kimoja, akaivuta mabegani ikaanguka chini.

"Umekonda," akamwambia. "Fungua mdomo. Fungua vizuri, nione. Nani alikuambia uimbe siku nzima bila kupumzika? Ukiwa mdogo nilikukataza kupiga kelele juani, hukusikia, koo likavimba hivi hivi. Keti."

Akaketi. Mimi nilikuwa bado kwenye cherehani, mkono kwenye gurudumu lake.

"Miaka miwili na nusu nasubiri uje chumbani uniambie," mama akasema, na sasa sauti yake ndiyo iliyokuwa inakatika. "Unamtuma dada yako, unanitumia kifuko, unaniimbia nyuma ya pazia. Wewe mwenyewe huji. Lile bango ulipita mbele yake kila siku. Ungemwambia yule bosi neno moja tu, mama yangu yupo. Mbona hukusema?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Midomo ikatikisika, kifua kikapanda na kushuka, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena, akashika koo kwa mikono yote miwili kama anayetaka kulikamua. Kisha akanigeukia mimi, kama alivyozoea, machozi yanamchuruzika, akanionyesha mama kwa kidole.

"Mama," nikasema, "anataka kukwambia kwamba..."

"Wewe nyamaza," mama akasema bila kunitazama. "Nazungumza na mwanangu."