Neno Pembeni mwa Namba ya Gari

Damu hutoka sakafuni kwa maji baridi; ukimwaga ya moto inaganda. Hilo Mama Maji, kama walivyomwita maofisa, alijifunza wiki yake ya kwanza ya kufanya usafi kituo cha polisi, na mwaka wa tano huu alikuwa bado anapiga magoti kila asubuhi, akisugua selo kabla maofisa hawajamaliza chai.

Hakuifuata kazi hiyo kwa ajili ya mshahara. Mumewe alikuwa karani wa mizani kwenye machimbo ya mawe. Siku moja alikataa kuandika uzito wa uongo kwa malori ya tajiri. Kesho yake asubuhi gari jeupe likasimama mlangoni, wakashuka wanaume wawili, wakamwambia anaitwa mara moja tu. Mara moja hiyo sasa ilikuwa imetimiza miaka sita. Mkewe aliikariri namba ya gari, akaenda kituoni kutoa maelezo, akaweka sahihi na dole gumba. Akaenda tena, akarudi, akaenda, mpaka soli za viatu zikaisha. Ilipotokea nafasi ya mfagizi, akaona heri awe karibu na lile faili.

Nyumbani hakuwa mke wala mjane. "Mwanangu yu hai," mama mkwe alizoea kusema, "ila wako waliochoka kumngoja." Mashemeji walikata mguu. Majirani nao walimkwepa, maana mtu asiye na kaburi utampa pole ya nini? Na binti yake, aliyekuwa na miaka minne siku ile, majuzi alimuuliza baba alikuwa na sauti ya namna gani. Mama akafungua kinywa aiigize, akakuta imemtoka.

Jumatano moja mkuu wa upelelezi akamwita.

"Mama Maji, stoo ile inavuja, panya wamejaa. Toa mafaili ya zamani yote, peleka nyuma yakachomwe."

"Hata ya watu waliopotea, afande?"

Mkuu akatabasamu. "Lako ninalo mimi, kabatini. Si nilikwambia tunalishughulikia?"

"Uliniambia."

"Basi. Subira yavuta heri, mama."

Alilikuta kwenye rundo la tatu, limekojolewa na panya, jina la mumewe likisomeka nusu. Aliketi juu ya ndoo aliyoipindua, akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja tu: maelezo yake mwenyewe, na dole gumba lake chini. Hakuna shahidi aliyeitwa. Hakuna aliyekwenda machimboni kuuliza. Namba ya gari ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mtu ameandika neno moja: Isifuatiliwe. Tarehe ilikuwa ya siku ileile aliyotoa maelezo. Huenda wino ulikuwa umekauka kabla yeye hajafika nyumbani.

Mwandiko aliujua. Ndio uliokuwa kwenye karatasi yake ya mahudhurio, mkuu wa upelelezi alipoitia sahihi kila mwisho wa mwezi.

Hakulia. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, kisha akabeba yale mengine hadi motoni, mzigo baada ya mzigo. Huko motoni kulikuwa na majina mengi. Alijaribu kuyasoma, yakamshinda kwa moshi.

Sasa aipeleke wapi? Aliyeibiwa huenda polisi. Aliyeonewa huenda polisi. Alipita mbele ya kaunta mara mbili, karatasi ikimkwaruza ngozi, na mara zote mbili askari wa zamu aliinua macho, akayarudisha kwenye simu yake. Mama Maji akaenda kuchukua dekio.

Kwenye benchi la ukumbini palikuwa na mwanamke aliyeshika picha ya kijana. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameinama mbele yake, anamsikiliza. Akamgusa bega, akamwambia neno kwa upole, akaingia ofisini na kuuacha mlango wazi.

"Dada," mwanamke akanong'ona, "wewe uko hapa kila siku. Yule mzee ana huruma, au siyo?"

Mama Maji aliutazama ule mlango. Kalamu ilisikika ikiandika.

"Inua miguu, dada," alisema. "Nipitishe dekio."

Mwanamke akashukuru, akainua miguu yote miwili kama mtoto, na picha akaishika juu isije ikalowa.