Zizi Lililofagiliwa Mno

Ukitaka kumjua Kandida, anzia kwenye ufagio. Mama yake, Brigitha wa mtaa wa Viwanja Sitini, hakuwahi kumpokea mgeni kwenye uwanja wenye hata jani moja, na binti alikunywa tabia hiyo pamoja na maziwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa hiyo Kandida alipopata kazi ya kutunza faru kwenye hifadhi ndogo yenye uzio, juu ya kijiji cha Kiberege, zizi likawa safi kuliko sebule za watu fulani ambao sitawataja.

Na mgeni wa safari hii alistahili. Zita, faru jike mweusi, alizaliwa kwenye bustani ya wanyama huko Ulaya, kama mama yake na bibi yake. Bibi wa bibi yake ndiye aliyekamatwa huku kwetu akapakiwa melini ndani ya kreti la mbao, enzi zile Wazungu walipotaka kumtazama faru lakini hawajui kumfuga. Sasa kilembwe karudi kwa ndege, akisindikizwa na mtunzaji wake, mzee Viktor.

Mpango ulikuwa Zita apatane na Chuma, dume wa pekee hapo hifadhini. Wakipatana, anabaki. Wasipopatana, lori lingemchukua kabla mvua hazijaharibu barabara, limpeleke hifadhi nyingine huko kaskazini. Kandida alishampenda, tusifichane. Alipenda jinsi Zita alivyopokea majani mkononi mwake kwa ncha ya mdomo, taratibu, kama mtu anayeogopa kusumbua. Wazo la lori lilimtoa machozi.

Lakini wapi! Kila walipokutanishwa kwenye uzio wa magogo, Chuma alipumua kwa kishindo na Zita akamrukia kwa pembe mpaka magogo yakalia. Wakajaribu asubuhi, wakajaribu jioni, mambo yale yale. Jofrey, daktari wa wanyamapori, akakata tamaa.

"Hawa hawatakani. Jumamosi lori linakuja."

"Jamani, Daktari, tusubiri kidogo."

"Mpaka lini, dada? Mvua hiyo inakuja."

Mchana ule walikaa kula wali na samaki wa mtoni, na Viktor hakugusa sahani. Alishawahi kuleta faru wengine Afrika, na Kiswahili chake, ingawa cha kuokotaokota, kilieleweka.

"Babu yangu alitunza faru," alisema. "Sakafu ya saruji. Kila asubuhi mpira wa maji, shwaa! Watu wanafurahi, faru anang'aa. Mtoto? Hakuna. Wakasema ni baridi. Wakasema ni chakula, wakaongeza karoti. Hakuna! Bustani nyingi, miaka mingi, faru wanazeeka safi kabisa, bila mtoto."

"Masikini," alisema Kandida.

"Kisha baridi kali moja, mabomba yakaganda. Hakuna kuosha. Mavi yakajaa! Babu anaona aibu, anafunga mlango watu wasione. Kumbe jike ananusa, ananusa. Barafu inayeyuka, jike yuko mlangoni kwa dume, anataka kuingia." Viktor akacheka peke yake. "Faru haoni mbali. Mavi ndiyo salamu yake. Ndiyo maana kila jioni Daktari anaweka mavi ya Chuma kwa Zita."

Kandida akarudisha tonge sahanini. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika, alikuwa akikuta rundo lile mbele ya mgeni wake. Na kila alfajiri alilifagia, akilitia kwenye gunia kwa ajili ya mchicha wa mama yake, huku akimlaani kimoyomoyo mchafu aliyelimwaga.

"Ni mimi," alisema. "Nimefagia yote."

Jofrey alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. Viktor akaruka kutoka kitini. "Babu yangu amezaliwa tena Kiberege!"

Tangu siku hiyo ufagio ukapigwa marufuku. Kandida aliteseka, mikono ikimwasha, rundo likipanda. Zita alilinusa, akalizunguka, akarudi kulinusa tena.

Jumamosi lori likafika. Na nyuma yake, kwa bodaboda, akafika Brigitha kuja kumwona mgeni maarufu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho ya mama yalishafika zizini. "Kandida! Mgeni katoka Ulaya mnamlaza kwenye mavi? Nimekufundisha hivyo mimi?" Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, akaukwapua.

Kandida hakuwahi kumpinga mama yake maishani. Akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Mama, leo hapafagiliwi."

"Kasema nani?"

"Nimesema mimi."

Brigitha akauvuta ufagio upande wake. Kabla hajaupata, Jofrey alishaashiria magogo ya lango yavutwe kwa jaribio la mwisho.

Zita akaingia upande wa Chuma. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo kubwa la dume, akanusa sana, akalikanyaga, kisha akashusha la kwake juu ya la mwenzake.

"Yesu na Maria!" alisema Brigitha.

Chuma akaja akipumua. Zita akageuka na pembe yake, na Kandida akafumba macho. Kikasikika kishindo kimoja, basi. Alipofumbua, dume alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, akaja tena kwa adabu, na kidevu chake akakilaza juu ya mgongo wa Zita. Zita akatulia. Akatulia tu, masikio yakichezacheza.

Viktor alivua kofia, akalia bila aibu. Jofrey akamgeukia dereva wa lori. "Rudi tu, kaka. Hakuna mzigo."

"Anabaki!" Kandida alipaza sauti. "Zita anabaki!" Furaha ikamjaa hadi ikamtoka kwa kigelegele kilichorusha ndege mitini. Mama yake akamtazama, akalitazama lile rundo, akatikisa kichwa. Kisha naye akapiga chake, kirefu kuliko cha bintiye, maana harusi ni harusi, hata ikifungwa juu ya mavi.