Mkono wa Mama Amosi

Agripina alikuwa akimlisha mwanawe uji pale mtendaji wa kata alipobisha hodi, fulana nyeupe mkononi.

"Shikamoo, mama Amosi."

"Marahaba. Karibu ukae."

Kijana yule hakukaa. Alisema Siku ya Amani Duniani mwaka huu ingeadhimishwa hapa Sepuka, na wageni wangependa kuona wakulima na wafugaji wakipatana. Kamati ilishapanga: Agripina na Mzee Mughwai, mfugaji, wapeane mikono jukwaani.

"Kamati imeongea na nani?"

"Na mdogo wako, Leonard. Alisema hutakuwa na neno."

Amosi alikohoa, uji ukamtiririka kidevuni. Zamani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ya kanisa. Kisha akaenda kuwatoa ng'ombe wa Mughwai kwenye alizeti ya mama yake, na Miraji, mtoto wa Mughwai, akampiga fimbo ya kichwa. Tangu hapo hata neno "mama" halikumtoka tena. Kesi nayo iliyeyuka kwa kukosa mashahidi.

Jioni Leonard alikuja, akasimama mlangoni.

"Dada, ukikataa watasema sisi ndio tunaotaka vita. Wafadhili wameahidi kisima. Kikikosekana, watamtazama nani?"

Agripina aliichukua ile fulana aliyoachiwa akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa. Fulana ilimbana shingoni. Mshereheshaji alipaza sauti, "Mama wa amani huyo! Makofi!" Upande wa pili alipanda Mughwai, naye kavishwa fulana juu ya kanzu. Agripina alitafuta pa kupita. Kulia walikaa viongozi, nyuma yake alisimama Leonard, mbele zilikuwa simu zimeinuliwa juu. Alinyoosha mkono.

"Mkono umeupata, mzee," alinong'ona. "Msamaha sijautoa."

"Najua, mama. Na mimi nimeletwa. Nilitaka nije kwako nyumbani, nimwone kijana, tuongee. Wakaniambia nisiharibu, nisubiri siku hii."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo ule kumtaja mwanawe. Agripina alifungua kinywa amjibu.

"Shikaneni tena!" mpiga picha alidakia. "Haikutoka vizuri. Na mtabasamu!"

Wakashikana tena. Halafu Mughwai akavutwa kwa wageni wake, Agripina kwa wake. Mzee hakuja nyumbani kwake siku ile wala siku nyingine. Aliambiwa mambo yamekwisha, asitoneshe kidonda. Picha yao ilibandikwa ukutani ofisini kwa mtendaji, na watu wakaanza kumwita Agripina Mama Amani, hata gulioni.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, alizeti ikiwa imefika magotini, alikuta ng'ombe wa Mughwai wamo shambani, wachungaji wao wawili wamekaa kivulini. Alipowafokea, mmoja akacheka. Akaenda mbio ofisini, jasho likimtoka.

Mtendaji alimsikiliza, kisha akatazama ukutani.

"Lakini mama, ninyi si mlishapatana? Dunia nzima imeona. Leo nikuandikie malalamiko, wafadhili wataelewaje?"

"Alizeti yangu inaliwa sasa hivi."

"Nenda kaongee nao kwa upole. Wewe unajua kuongea nao."

Agripina aligeuka, akatoka. Nje mtu alimsalimia kwa lile jina. Aliitikia, akashika njia kurudi shambani. Ng'ombe walikuwa bado wamo.