Udongo wa Juu ya Mihrabu

Sururu ilizama mahali palipolegea, na vumbi lililotoka lilikuwa jeusi. Hadi hapo tulikuwa tukichimba udongo wa rangi ya ngano. Nikajua tumefika miaka ya taa za mafuta, wakati moshi wa ibada ulipotokea tundu la kuba na kutua juu ya paa.

"Simama kidogo," nikamwambia Heydar.

"Nimesimama tangu asubuhi, shemeji. Kilichobaki ni kulala."

Alikaa kwenye ukingo, akafungua kitambaa chenye mkate na jibini, akaanza kula kabla sijanawa. Heydar alimwoa dada yangu tukiwa vijana, na tangu hapo tumekandika mapaa ya mji wetu wa Rigabad pamoja. Udongo huu tuliokuwa tukiuteremsha, sehemu yake kubwa ya juu tuliipandisha sisi wenyewe.

"Fikiria," alisema huku akitafuna. "Maisha yote tunapandisha udongo, uzeeni tunauteremsha. Tungekaa tu nyumbani, mahesabu yangekuwa yale yale."

Paa la Msikiti wa Ijumaa ni la udongo, kama mapaa yote ya mji wetu. Kila mwaka kabla ya mvua hukandikwa kwa udongo uliochanganywa na mabua ya ngano, ili maji yasipenye kwenye matao. Desturi ya kazi ni kukwangua kandiko la zamani kabla ya kuweka jipya. Lakini hapa karibu kila kandiko lilikuwa nadhiri ya mtu: huyu amepona, yule amepata mtoto, mwingine amerudi salama. Nani angekwangua nadhiri ya marehemu? Basi tabaka likawekwa juu ya tabaka. Kati ya vikuba vidogo, ambako zamani mtu alisimama kama bondeni, sasa ungeweza kupura ngano.

Chini yake nguzo nene zilibeba yote bila kulalamika. Zilijengwa Uislamu ulipokuwa mgeni katika nchi hii, na mafundi ambao mikono yao ilikuwa bado imezoea kujenga majumba ya wafalme wa zamani. Zilibeba hata pale gavana mmoja alipobomoa safu za katikati na kusimamisha kuba kubwa ya tofali za kuchoma, akaandika jina lake kwa tofali hizo hizo. Nusu ya jina imeliwa na mvua. Halafu majira ya baridi yaliyopita, tao lililo mbele ya mihrabu lilipasuka.

Mhandisi Taraneh alitumwa kutoka Isfahan. Ni mtu mpole, hana haraka ya kusema. Alipaka kipande chembamba cha jasi juu ya ufa. Ufa ukiwa umelala, jasi hubaki nzima. Ilikatika. Akapaka nyingine, nayo ikakatika. Ndipo aliposema paa lipunguzwe uzito kabla ya mvua ya kwanza, na sisi tukapanda na sururu.

Chini ya masizi tulikuta vipande vya vigae vya samawati. Huo ni mwaka wa tetemeko, uso wa ukumbi wa mbele ulipomwagika uani. Waliokandika mwaka ule hawakuviokota vyote. Nilivitia mfukoni kimoja kimoja kwa ajili ya mhandisi, mgongo ukiniuma kila nilipoinama.

Tulikuwa tumebakiza sehemu ya juu ya mihrabu aliposikika mtu akihema kwenye ngazi. Bibi Mahsoltan alitokeza, buibui kalifunga kiunoni, akapita katikati yetu bila salamu, akaenda kuketi juu ya sehemu ile ile.

"Bibi, utapata baridi ya mgongo," nikasema.

"Nina mgongo wa kupata baridi na wewe una uso wa kunisemesha. Magunia yangu ya mabua yako mlangoni. Kila mwaka mnanipokea. Mwaka huu mmenifungia mlango."

Nadhiri yake mji mzima unaijua. Mwanawe Keyvan aliposhikwa na homa akiwa mtoto, daktari alimwambia amrudishe nyumbani. Yeye akaahidi kwamba maadamu Keyvan anapumua, paa la mihrabu halitakosa kandiko jipya. Keyvan leo ana kipara na anaendesha lori la mizigo kutoka bandari ya Bandar Abbas.

"Hatukatai kandiko lako," nikasema. "Tunaondoa ya zamani tu."

"Ya zamani ndiyo yaliyomfikisha hapo alipo. Yuko njiani sasa hivi, Nosrat. Analala usukani kama baba yake alivyokuwa akilala msikitini. Unataka nikuambie, 'Toa'?"

Mhandisi Taraneh alikuwa amepanda kimya kimya. Akachuchumaa mbele ya bibi.

"Mama, ufa uko juu ya vichwa vya wanaosali. Ukiniuliza, mimi naogopa."

"Na mimi naogopa, mwanangu. Ila ninachoogopa mimi sicho unachoogopa wewe."

Heydar alimmiminia bibi chai kutoka kwenye chupa yetu, akampa na kidonge cha sukari. Alikibana menoni, akanywa, akasema chai imechacha.

"Imechacha kwa kungoja uinuke," Heydar akasema.

Nilikumbuka jambo. Kila mwaka tulipomaliza, Bibi Mahsoltan alikuwa akipanda na kukandamiza kiganja chake kwenye tope bichi, pembeni mwa mlizamu wa maji ya mvua. Nikamwomba ruhusa nifungue hapo tu, upana wa mkono. Akasogeza miguu.

Nilitumia mwiko, si sururu. Pale alipokandamiza, matabaka yalikuwa yameachana, yakanyanyuka moja moja kama mikate iliyopangwa. Kwenye la juu kiganja kilikuwa na vidole vilivyopinda. Chini yake vilinyooka kidogo. Niliendelea kuinua na kupanga pembeni, na mkono ukawa unazidi kuwa mchanga, mpaka nikafika kwenye kiganja kilichonyooka, chenye alama ya pete. Pete ile bibi aliiuza wakati mumewe alipougua.

"Huo ndio mwaka wa homa," akasema. "Nilikuwa nimembeba mgongoni."

Nilidhani ni wa mwisho. Nilipoinua tabaka lile, na mengine kadhaa matupu chini yake, nikakuta kiganja kingine, kipana, cha mwanamume.

"Cha nani hiki?"

"Sijui, bibi."

"Baba yako, aliyekandika hapa kabla yako, hakukwambia?"

"Hata yeye hakukiona. Kilikuwa kimeshafunikwa."

Aliingiza mkono wake humo. Kilimzidi pande zote. Hakuutoa upesi.

"Naye alikuwa na mtu wake," akasema. "Na nadhiri ilikoma, hakuna aliyejua."

"Wote wamekufa, bibi," Heydar akasema, maana hawezi kuacha neno lipite. "Hata wasiokuwa na nadhiri."

"Wewe bado, Heydar. Ila sura yako imetangulia."

Mhandisi alicheka, akafunika mdomo. Bibi Mahsoltan alijipangusa kiganja kwenye buibui.

"Udongo huu mnaupeleka wapi?"

Nikamwonyesha uani. Huwa hatuutupi. Tunauloweka, tunautia mabua mapya na kuukanyaga, kisha tunaupandisha tena: kandiko moja tu, jembamba, paa zima. Alilitazama lile rundo.

"Tieni mabua yangu, basi. Lakini sehemu hii iacheni usiku wa leo. Keyvan atafika asubuhi. Akishafika, toeni."

Nikamtazama mhandisi. Alitazama mbingu, kisha ufa pale ulipotokeza ukingoni, kisha mbingu tena. Hapakuwa na wingu.

"Usiku mmoja," akasema. "Na chini asiingie mtu."

Tulimshusha bibi polepole, mimi mbele, Heydar nyuma, naye akitulaumu sote wawili kwa kila kidato. Uani tulifanya rundo kuwa kama bakuli, tukalijaza maji. Bibi Mahsoltan alisimama hapo akimwaga mabua kwa mikono yake mpaka magunia yakaisha. Udongo wa miaka yote ile ulikuwa ukinyonya maji na kutoa povu. Ukanyagwe kesho, ukishalainika.

Ndani, mhandisi alifunga kamba mbele ya mihrabu na kupaka jasi mpya juu ya ufa. Aliigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado mbichi.

"Twende, shemeji," Heydar akasema. "Miguu yangu imeshaondoka zamani."

Sururu niliiacha juu, kando ya ile sehemu iliyobaki, nisiibebe tena asubuhi.