Kilio Kisicho na Maiti

Kwetu Mani, kusini kabisa mwa Ugiriki, mtu halii ovyo. Wanaotusikia kwa mbali hudhani wanawake wetu kazi yao ni kulia tu, kutwa kucha, na hapo ndipo wanapokosea. Mbolezi, wimbo wa kumlilia maiti, ina adabu zake. Sharti maiti awepo, alazwe katikati ya chumba, wanawake wamzunguke, mmoja aanze, akichoka ampe mwenzake neno naye aendeleze. Ukiimba mbolezi mahali pasipo na maiti umemwita Haro, mtoa roho, na Haro akishaitwa hana kawaida ya kurudi mikono mitupu.

Haya, sasa kamweleze hayo mwalimu wa maigizo aliyezaliwa Athens!

"Bi Garufalia," alisema mwalimu Leandros, amejishika kiuno, "mwanao kaletwa maiti. Yuko hapo mbele yako. Na wewe unamtazama kama mtu anayengoja basi."

Darasa zima likacheka. Garufalia hakuudhika, maana alishazoea. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, nguo nyeusi kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, na wenzake darasani walikuwa watoto ambao angeweza kuwazaa na wengine hata wangeweza kuwa wajukuu wake. Mwaka mzima alikuwa akipanda ngazi za chuo kile cha maigizo mjini Kalamata akiwa na begi lake, na mwaka mzima walikuwa wakimwita shangazi.

"Maneno nimeyasema yote, mwalimu," alijibu.

"Maneno umeyasema. Kilio je? Nimesikia kijijini kwenu hapakuwa na msiba ambao hukuitwa kulia. Nipe mbolezi moja tu, ya kwenu hukohuko. Unataka nikupigie magoti?"

"Na maiti yuko wapi?"

"Si huyo hapo!"

Juu ya benchi alilala Iasonas, kijana wa miaka ishirini na miwili, kafunikwa shuka hadi kidevuni. Akafumbua jicho moja. "Shangazi, lia basi, mgongo unaniuma. Mimi nimekufa tangu asubuhi na chai sijanywa."

"Tema chini, mpumbavu we!" Garufalia akamrukia na kumtemea mate kidogo kidogo utosini, ptu, ptu, ptu, kumkinga na maneno yake mwenyewe. "Mama yako yu hai, baba yako yu hai, halafu unachezea kifo! Hukufunzwa kwenu?"

Watoto wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu Leandros hakucheka. Darasa lilipotawanyika alimwita pembeni, akamwambia taratibu, kwa sauti ya mtu anayempenda mwanafunzi wake na hajui amfanyeje.

"Mtihani ni Ijumaa. Sauti unayo, kumbukumbu unayo, ukisimama watu wanakutazama. Lakini igizo hili nililiandika kwa ajili ya kile kilio, bila kilio halina kitu. Ukikauka hivi mbele ya watahini, mwaka wa pili huingii. Na siwezi kuwadanganya kwa ajili yako."

"Nimeelewa, mwalimu."

Alielewa, ndiyo, tena sana. Kuna watu hukitaka kitu mpaka kitu chenyewe kikachoka kutakwa. Garufalia aliutaka uigizaji tangu alipokuwa na miaka kumi na sita, siku kikundi cha waigizaji wa kuzunguka kilipofika bandarini kwetu na lori lao bovu, wakacheza ndani ya mkahawa kwa kusogeza meza ukutani. Usiku wa pili binti mmoja wao alishikwa na homa. Garufalia, aliyekuwa amesimama dirishani na wenzake, akasema kwa sauti maneno yote ya yule binti aliyoyasikia mara moja tu jana yake. Wakamwingiza ndani, wakamvisha koti la mgonjwa, akacheza. Yule mama aliyewaongoza akamshika uso kwa mikono miwili: "Wewe mtoto unakuja na sisi. Kesho asubuhi tunaondoka."

Asubuhi baba yake hakupiga kelele. Aliuchukua mguu wa kulia wa viatu vya Garufalia na wa kushoto, akaviweka chini ya kiti, akakikalia kile kiti mlangoni, bunduki mapajani. Lori lilipiga honi kule chini. Likapiga tena. Garufalia alikuwa dirishani juu, miguu mitupu, akalisikia linaondoka, linabadilisha gia kwenye kona, linapotea. Kabla mizabibu haijachipua aliolewa na Nikitas, mwenye kinu cha zeituni. Nikitas hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie marehemu. Ila hakuna siku hata moja ya ndoa ile ambayo honi ya lori lolote ilipigwa barabarani Garufalia asishtuke moyoni.

Ndipo Nikitas alipofariki, naye akahamia Kalamata karibu na binti yake Ligeri, akaona tangazo la chuo, akaenda. Watu wakasema kachanganyikiwa na ujane. Wasemao husema. Yeye hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa anamfuata mtu. Yule binti wa dirishani, mwenye miguu mitupu, hakuwahi kumtoka. Alimbeba kwenye harusi, alimbeba kwenye uzazi, alimbeba kinuni akifunga magunia, na siku zote alimwambia, subiri, tutakwenda. Kila asubuhi akipanda zile ngazi za chuo alikuwa na hakika kwamba akifika juu atamkuta.

Siku moja kabla ya mtihani alimpigia simu dada yake Stavriani kijijini. Stavriani ndiye aliyemfundisha mbolezi, na kwa mambo ya wafu hakuna kwetu wa kumkosoa, hata padri humwachia.

"Dada, nina neno nataka kukuuliza."

"Kama ni la hiyo shule yako, sitaki kulisikia. Mwanamke mzima na begi mgongoni! Juzi padri kaniuliza unasomea nini, nikamwambia ushonaji. Nimemdanganya mtu wa Mungu kwa sababu yako."

"Dada, nisikilize. Mtu akiimba mbolezi mahali hapana maiti, mchezoni tu..."

"We Garufalia, umerogwa?"

"Nauliza tu."

"Usiniulize! Ligeri ana mimba ya miezi saba, na wewe unataka kumgongea Haro mlango umwambie karibu, ulikuwa mchezo? Mchezo! Yeye hajui michezo." Stavriani alihema kwenye simu. "Na hata hivyo, nani kakufia wewe? Mama tulimlilia. Nikitas tulimlilia vizuri. Baba tulimlilia, na Mungu anajua hakustahili. Nyumba yetu haina maiti asiyeliliwa. Au yuko? Nitajie."

Garufalia akawahesabu wafu wao kwa vidole.

"Nitajie basi."

"Hayupo, dada."

"Basi funga mdomo ufanye mtihani wako kama watu wa Athens wanavyofanya, kwa kitunguu." Akakata simu.

Lakini lile swali halikukatika. Nani kakufia? Garufalia alikaa nalo jikoni, akasahau dengu motoni mpaka zikaungua. Akafungua dirisha moshi utoke, akarudi kukaa. Alikuwa mtu aliyezoea kuwatambua wafu. Alijua ukiwaita hawaitiki, ukiwaahidi kitu hawafurahi, na umri wao hausogei. Akahesabu yule binti wa dirishani ana miaka mingapi. Kumi na sita. Mwaka jana pia alikuwa na kumi na sita. Mwaka mzima amepanda ngazi za chuo na hajamkuta, si kwenye jukwaa, si kwenye kioo cha chumba cha kuvalia. Loo, jamani.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Watahini watatu walikaa mbele, wawili wanaume na mama mmoja mwenye mvi aliyewahi kuwa mwigizaji wa jina. Mwalimu Leandros alisimama ukutani anang'ata kucha. Iasonas akalala kwenye benchi, akajifunika shuka, akafa vizuri kuliko siku zote.

Garufalia akaingia. Alisema maneno ya mwanzo yote, ya mama anayesikia habari, ya mama anayekataa kuamini, na watu walimtazama. Kisha akafika kwenye benchi, mahali pa kilio. Akamwangalia yule kijana. Kope zilikuwa zinamchezacheza, shavuni kipele kimeiva. Huyu amlilie? Mtoto wa watu, mzima, ana mama yake anapika saa hizi?

"Inuka, mwanangu," akasema.

Iasonas hakutikisika. Alidhani ni maneno ya igizo aliyoyasahau.

"Inuka nakwambia. Toka hapo, si mahali pako."

Kijana akafumbua macho, akatazama huku na huku, akainuka na kujiondokea hadi pembeni ya jukwaa. Mwalimu Leandros akajishika kichwa. Mtahini mmoja akamnong'oneza mwenzake. Garufalia akalitandika shuka juu ya benchi tupu, akalinyoosha pande zote polepole, mkono wake ukipita juu ya kitu chembamba ambacho yeye peke yake alikiona. Akafungua kitambaa cha kichwa, nywele za mvi zikamwangukia mabegani. Kisha akaanza kutikisika mbele na nyuma, na sauti iliyomtoka haikuwa ile aliyoifundishwa chuoni.

"Amka we mwanamwali,
gari lenu linangoja,
wenzako wamepakia,
umebaki peke yako.

Nani kafunga mlango,
nani kaficha viatu?
Sanda wakaita shela,
kilio kikawa ngoma.

Miaka arobaini
sijakulilia chozi,
nilidhani umelala,
na mimi nikanyamaza."

Aliimba na mengine mengi, ambayo hakuna aliyeyashika, kwa sababu mbolezi ya kweli haishikiki. Alimwomba radhi kwa kumwambia asubiri. Alimweleza kwamba hawakwenda, na hawatakwenda tena. Na alipochoka, alifanya kama kawaida yetu, akanyamaza ili mwanamke mwingine apokee neno. Hapakuwa na mwingine. Wanawake wa pale hawakujua kwamba wanangojewa. Yule mama mwenye mvi alikuwa na kitambaa mdomoni, mabega yanamtetemeka, lakini neno hakulipokea. Basi Garufalia akalikunja shuka, akalibusu, akaliweka chini. Akatoka.

Baadaye mwalimu Leandros alimkuta amekaa kwenye korido. Macho ya mwalimu yalikuwa mekundu na hakujali kuyaficha.

"Umepita. Wote watatu, bila hata kubishana. Yale maneno hayakuwa yangu."

"Hayakuwa yako, mwalimu. Unisamehe."

"Nikusamehe nini! Mwaka wa pili nataka uje nayo hayohayo."

"Hayo hayaji tena," alisema Garufalia. "Yule nimeshamzika."

Mwalimu hakuelewa, akampigapiga bega, akaenda zake kuwaita wengine. Wakaja watoto wa darasa kwa vishindo, hongera shangazi, hongera, wakamkumbatia, wakambusu huku na huku, mmoja akamwagia soda kidogo kwenye begi lake. Aliwashukuru wote. Kile alichokitaka tangu yuko miguu mitupu dirishani alikuwa amekipata, na aliyekitaka hakuwepo. Mpaka jana alikuwa na mtu wa kumwahidi.

Iasonas alikuja wa mwisho. Hakumpa hongera. Alikaa kando yake kwenye benchi la korido, miguu yake mirefu imekunjwa, akawa anakwaruza ukucha.

"Shangazi. Alikuwa nani?"

"Binti mmoja. Hukumjua."

"Alikufa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Maskini." Kijana akafikiri. "Alikuwa wako?"

Garufalia akatazama mikono yake, ile mikono ya kinuni. "Wangu," akasema.

Basi yule mtani, yule asiyeheshimu dogo wala kubwa, akasimama wima, akafunga vifungo vya shati, akampa mkono kama wafanyavyo watu wetu kwenye lango la makaburi, akamwambia bila mzaha hata kidogo: "Mungu amrehemu, shangazi. Nawe ubaki na uhai, umkumbuke."

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpa pole ya yule binti. Walimpa hongera ya harusi, hongera ya mtoto, hongera ya mavuno mazuri. Garufalia akaushika ule mkono, na hapo ndipo alipolia kweli, kilio cha kawaida tu kisicho na mashairi, pua inavuja, na kijana wa watu amesimama hajui aende wala akae.

Kisha akajipangusa uso kwa kitambaa cha kichwa, akajifunga upya, akaenda kuandikisha jina lake mwaka wa pili. Alikwenda peke yake.