Mwandishi wa Mapazia

Mezani palikuwa na kompyuta ya kuazima, chupa ya maziwa na soksi moja ya Bosi. Bosi alikuwa na meno mawili tu, lakini ndiye aliyepanga saa za kazi nyumbani mle: akilia, ofisi inafungwa, akicheka, inafunguliwa. Jina hilo alipewa na baba yake.

Mama yake alikuwa ameanza kuwaandikia watu maneno ya biashara: matangazo, maelezo ya bidhaa, lolote ambalo mwenye duka analo moyoni ila kalamu inamgomea. Likizo ya uzazi ilikuwa ukingoni. Jumatatu alitakiwa kurudi mapokezi ya zahanati, na Bosi apelekwe kwa bibi yake, safari ya basi ya kutwa nzima. Alipomwambia mumewe kwamba moyo umekataa, mumewe alikuna kichwa.

"Mteja akija mara ya kwanza, huenda ni huruma tu," alisema. "Akikupa kazi ya pili, hapo ni biashara. Hapo bakini nyumbani, wewe na Bosi."

Mteja wa kwanza akawa fundi mapazia wa mtaa wa nyuma, mama wa makamo mwenye sindano zilizochomekwa kifuani kama nishani. Aliacha mapazia matatu.

"Nataka maneno ya kuweka chini ya picha. Nitapita alasiri. Na usiniandikie 'bora na imara', mwanangu. Hata ndoo ni bora na imara."

Mama Bosi hakuwa na ujuzi wa kuandika kuhusu kitu ambacho hajakaa nacho. Alilitundika la kwanza, jepesi, jeupe; likavuta pumzi pamoja na upepo, naye akaandika. La pili lilimwaga vivuli vya maua sakafuni, Bosi akatambaa kuyachuma. Akaandika.

La tatu lilikuwa zito, la buluu iliyoiva. Alipolifunga, adhuhuri ilizama. Kelele za barabarani zilirudi nyuma kama wageni waliokumbuka adabu. Bosi, asiyelala mchana bila vita, alipiga miayo akajilaza begani. Mama naye akajisemea: nifumbe macho kidogo tu, nione giza hili lina ladha gani.

Usingizi nao hubisha hodi kwa jina hilohilo, Kidogo Tu.

Aliota anaandika. Maneno yalishuka kutoka darini kama manyoya, akawa anayaanika kwenye kamba, moja moja, yangali na joto.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Fundi alikuwa mlangoni, na jua limeshainama.

"Mawili yako tayari, mama," alisema Mama Bosi, nywele zimemsimama upande. "La tatu... nimelilalia."

"Umelilalia!" Fundi alishika kiuno. "Nimekuja kwa mwandishi au kwa mgonjwa?"

Mama Bosi aliiona Jumatatu ikiingia chumbani na begi la mtoto mkononi. "Nipe muda kidogo. Kaa, unishikie huyu."

Fundi alichomoa sindano zake akazichomeka juu kabisa ya pazia, mbali na mikono midogo, ndipo akampokea Bosi. "Miaka yote nashona haya," alinung'unika, "na dirishani kwangu nimefunga shuka kuukuu."

"Mganga hajigangi, mama."

"Andika wewe, acha mdomo."

Aliandika. Manung'uniko yakapungua, yakawa pumzi, kisha mkoromo mzito na mwingine mdogo, ikipishana. Aliyelala usimwamshe. Vidole vyake vilitembea juu ya herufi kama vinakanyaga pamba:

*Likifungwa, mchana unasubiri nje. Mtoto atalala. Mama atalala. Atakayekuja kuwagombeza, naye atalala. Ukiwa na kazi ya haraka, imalize kwanza.*

Fundi alipofumbua macho, alisoma huku midomo ikicheza. Akarudia.

"Hili si tangazo," alisema. "Huu ni umbea, tena unanisema mimi!" Kicheko kikamtikisa, na Bosi akatikisika naye bila kuamka. "Litaniuzia. Kesho nakuletea mashuka. Hayo nakupa ruhusa kabisa, yalalie."

Simu ya Mama Bosi ikaita. Alikuwa mumewe.

"Vipi, mteja kaja?"

"Kaja. Na kazi ya pili kanipa."

"Ya pili leo leo? Kwani aliondoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?"

Aliwatazama wawili wale kwenye kiti. Kope za fundi zilikuwa zinashuka tena.

"Punguza sauti," alinong'ona. "Hajaondoka."